Pima mbili za maji

Uzi ulisimama. Ulikuwa unashuka taratibu, mikunjo yake ikijinyoosha juu ya maji, nami nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kwa kina kile, pima mbili na nusu, yaani karibu mita nne na nusu, chambo kilitakiwa kigonge chini nikifika kumi hivi. Kwenye nne uzi ukalegea na kulala juu ya maji kama haukufungiwa kitu. Mzee niliyekuwa naye kwenye boti hakusema neno. Alinyoosha kidole kuuonyesha. Mimi nikafanya nilichozoea kufanya, nikasubiri kuvutwa. Sikuvutwa. Nilipokusanya uzi, chambo kilirudi bila mkia, kimekatwa nusu duara safi kama kwa mkasi, na pembeni vitobo viwili vya meno.

Kila nikituma nyumbani picha ya samaki, swali linalorudi ni moja: kaka, unawapataje kwa kipande cha mpira? Jibu langu linaanzia kwenye ile hesabu ya nne.

Mimi ni mtoto wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi, uzi wa kuvulia kwa mkono, na mshipi niliushika kabla ya kalamu. Tulitoka na ngalawa jioni, tukatia nanga ndani ya mwamba, tukavua samaki waitwao changu na tembo kwa chambo cha ngisi mpaka mwezi unapozama. Maisha yakanileta Auckland, Nyuzilandi, na kwa miaka miwili ya mwanzo bahari niliiangalia tu kutoka barabarani. Aliyenirudisha majini ni jirani yangu, mzee wa Kimaori. Namwita Matua, ndivyo wenyeji wanavyomwita mwanamume wa umri wa baba zao, naye huniita tama, kijana wake. Ana boti ndogo ya bati la alumini, na alfajiri za Jumamosi tunaishusha Kawakawa Bay, kusini mashariki ya jiji, tunavuka kuelekea kisiwa cha Ponui.

Samaki tunayemfuata huku huitwa snapa kwa Kiingereza, na Wamaori humwita tāmure. Si ndugu wa kungu na tembo wetu, japo jina la Kiingereza linawaweka nyumba moja. Sura yake inamkumbusha mtu wa pwani changu: kifua kipana, paji la uso lililosimama, meno ya mbele yaliyochongoka na ya nyuma kama kokoto za kusagia kome na kaa. Ngozi ni ya pinki inayong'aa, imenyunyiziwa madoa ya buluu kama ya wino. Madoa hayo huanza kufifia akikaa juani, kwa hiyo picha nyingi mnazoziona hazimtendei haki.

Chambo chenyewe ni plastiki laini kama mpira, urefu wa inchi 5, imefinyangwa mfano wa samaki mdogo mwenye mkia mwembamba. Unakipachika kwenye ndoana ambayo shingoni imemwagiwa kichwa cha risasi. Vingine vimetiwa harufu, lakini kinachomdanganya samaki hasa ni mwendo, na mwendo huharibika mtu akipachika ovyo. Kabla ya kukichoma nakilaza chambo ubavuni mwa ndoana, napima ncha itatokea wapi, natia alama kwa ukucha wa dole gumba. Kisha naingiza ndoana puani, naipitisha katikati ya mwili, naitoa palepale kwenye alama. Kikikaa upogo kinazunguka majini kama pia, na hakuna samaki mdogo duniani anayezunguka kama pia. Ni kazi ya nusu dakika. Nimewahi kuifanya kwa haraka gizani nikapoteza saa nzima bila kuguswa, mwenzangu akiwa na wanne.

Rangi watu wanabishana mpaka wanakasirikiana. Mimi nina mbili: kahawia iliyochanganyika na kijani kwa maji maangavu, pinki kwa alfajiri na maji yaliyotibuka. Sijaona faida ya kubeba zaidi ya hizo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uzito. Nyumbani chubwi, risasi ya kuzamisha mshipi, haina mjadala, mkondo wa nje ya mwamba unachukua kila kitu, na mshipi usio na chubwi ya kutosha unaelea tu. Basi nikanunua ndoana zenye risasi ya gramu 28, nikazirusha kwenye maji ya mita nne. Zilikwenda chini kama jiwe, zikajikita kwenye mwani au kwenye nyufa za mwamba. Siku moja nilipoteza kumi na moja kabla ya jua kutoka. Matua aliniachia nijifunze. Siku iliyofuata alinipa kikopo chenye ndoana za gramu 7, nyingine nyepesi kuliko hapo, nami nikaona ni za kuchezea watoto. Sikujua kwamba samaki huyu hukitwaa chambo kikiwa kinashuka kuliko kikiwa kinapandishwa. Kikishuka kwa sekunde mbili, una sekunde mbili za kumpata. Kikishuka kwa sekunde kumi, kinapepesuka, mkia unatetemeka, kinafanana na kisamaki kilichoumia kinachotafuta pa kujificha. Sasa sheria yangu ni risasi nyepesi kabisa itakayoniwezesha kufika chini. Upepo ukizidi naongeza kidogo, ukitulia napunguza tena, hata kama ni kufunga upya mara tano asubuhi moja.

Kosa la pili ni kelele, na hili liliniuma kwa sababu lilipaswa kuwa la kwanza kulijua. Baba alikuwa akinifinya sikio nikigonga upondo kwenye ubavu wa ngalawa. Lakini ukikaa kwenye boti ya bati yenye mashine, unajisahau. Sauti hukimbia majini zaidi ya mara nne kuliko inavyokimbia hewani. Kwenye pima ishirini za maji samaki hana habari na kisanduku ulichodondosha. Kwenye pima mbili yuko chini ya miguu yako. Matua ametandika zulia kuukuu sakafuni mwa boti. Mnyororo wa nanga umelazwa ndani ya ndoo iliyojazwa vitambaa. Tukikaribia mwamba anazima mashine mapema, kama mita 100 hivi, upande unakotoka upepo, tunauacha upepo na mkondo utusukume juu ya mahali tunapotaka kuvua. Tukishapita, haturudi juu ya njia ileile. Tunazunguka mbali, kwa upana, kisha tunaanza tena. Nimeona boti zinafika kwa kasi juu ya mwamba, zinaangusha nanga, watu wanasema hapa hakuna samaki, wanaondoka. Walikuwepo.

Upepo ukiwa mkali boti inakwenda mbio kuliko chambo kinavyoweza kushuka. Hapo tunatupa majini kitambaa kikubwa mfano wa mwavuli kilichofungwa kwa kamba, kinajaa maji na kuivuta boti nyuma. Chambo kinarushwa mbele, kule boti inakoelekea, si nyuma. Mara ya kwanza nilibisha, maana kwetu mshipi hushushwa chini ya chombo au huachwa nyuma. Lakini angalia: mbele ni maji ambayo kivuli cha boti hakijafika, na kwa kuwa boti inakifuata chambo, uzi haukivuti, unakiacha kishuke wima. Kazi yako ni kukusanya ulegevu tu, polepole, usiukaze wala usiuache utengeneze tumbo kubwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Uzi ukiwa umelegea nusu, utajuaje kuwa ameshika? Na kidole changu kilikuwa na jibu tangu utotoni.

Baba alikuwa akipitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, anaubana kidogo sana kwa dole gumba, anafumba macho. Alikuwa anaweza kukwambia huyu ni tembo mdogo anadonoa, huyu ni changu, huyu kaa anavuta, usihangaike. Mimi nilipopewa fimbo ya kuvulia na rili, kigurudumu cha kukunjia uzi, nikaona enzi za kidole zimekwisha, nikawa natazama ncha ya fimbo. Ncha ya fimbo haisemi kitu uzi ukiwa umelegea. Baada ya kile chambo kilichokatwa mkia, nilikaa nyumbani wiki nzima nikijiuliza ni wangapi wamekula na kutema mikononi mwangu. Jumamosi iliyofuata niliutoa uzi mbele ya rili, nikaulaza kwenye kidole cha shahada, nikafumba macho. Uzi huu wa kusukwa ni mwembamba kama wa cherehani na ni kama hautanuki, kwa hiyo unaleta kila kitu. Nilisikia chambo kikigusa mwani, kikiteleza kwenye jiwe. Kisha tik, kama mtu aliyegonga dirisha kwa ukucha mara moja. Nikazungusha rili mpaka nikaona uzito, ndipo nikainua fimbo. Alikuwa wa sentimita 38, na nimevua wakubwa zaidi yake mara nyingi, ila huyo ndiye ninayemkumbuka.

Ishara ziko za aina tatu, nami kila mgeni ninayetoka naye namwambia hizo kabla hajarusha. Kuna ile tik. Kuna uzi kusimama kabla ya hesabu kutimia, maana yake kuna mdomo umekipokea chambo njiani. Na kuna uzi kuanza kutembea pembeni, polepole, kinyume cha upepo. Hii ya mwisho ndiyo ya wakubwa, na ndiyo wengi huikosa wakidhani ni mkondo. Akikata mkia tu usitoe chambo majini. Kiache kizame tena mahali palepale, kikiwa kimekatwa vilevile, kwani mara nyingi hurudi kumalizia.

Saa zake ni alfajiri na magharibi. Jua likishapanda samaki hushuka kwenye maji marefu, na mtu mwenye usingizi mzito atawasoma kwenye simulizi tu. Alfajiri ikikutana na maji yanayojaa, saa mbili za mwisho kabla hayajasimama, mawe yaliyokuwa makavu usiku yanafunikwa, kaa na vikome vinatoka, nao wanaingia hadi maji ya kiunoni. Kuanzia Oktoba maji yanapoanza kupata joto hukusanyika ghubani kuzaa, na Machi na Aprili wanakula kwa pupa kabla ya baridi. Julai bahari hushuka hadi nyuzi 14 hivi, mikono inakufa ganzi, wachache wanaobaki kwenye mawe hula kwa uvivu. Siwalaumu. Mtu aliyekulia Tanga hana la kuwaambia wakati huo.

Machi moja, karibu na Ponui, nilishikwa na mkubwa kwa mara ya kwanza. Uzi ulitembea pembeni, nikainua, na fimbo ikakaa imepinda bila kusogea, kisha kikaanza kile kichwa kinachotingishika, dum, dum, dum, ambacho ni alama yake popote. Akaelekea kwenye msitu wa mwani. Nikaogopa akiingia atanikata, nikakaza breki ya rili. Kipande cha nailoni kinachounganisha uzi na ndoana kilikatika kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Nilikaa kimya muda mrefu. Kilichoniuma si kumkosa, ni kwamba amekwenda na ndoana yangu mdomoni kwa sababu ya woga wangu. Matua alisema maneno machache: kwenye maji mafupi hawezi kwenda chini, anaweza kwenda mbali tu, kwa hiyo mwache aende. Tangu siku hiyo breki yangu haizidi thuluthi ya nguvu ya uzi. Namwachia akimbie, boti inamfuata, na akisimama ndipo naanza kumrudisha. Kile kijino cha ndoana kinachozuia isichomoke nimekibonyeza kwa koleo kwenye ndoana zangu zote, ili hata akikatika aweze kuitema.

Sheria ya upande huu wa nchi, tangu Aprili 2014, ni samaki 7 kwa mtu kwa siku, na asipungue sentimita 30 kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia. Kabla ya hapo walikuwa 9, na sentimita 27. Mtu wa kwetu akisikia hivyo huuliza kama ni bahari au ni duka. Mimi naitetea sheria hii kwa moyo wote. Nimekulia kwenye pwani iliyopigwa baruti. Nimeona mwamba uliogeuka kifusi, samaki wanaelea matumbo juu na wengine wengi zaidi wamezama wasiokotwe, na nimeona baba akirudi asubuhi na samaki wanne wa kiganja baada ya usiku mzima. Snapa hukua polepole. Mawe madogo ya sikioni mwake yana pete kama za mti, na wataalamu wakizihesabu wamekuta waliofika miaka 60. Yule unayembeba kwa mikono miwili anaweza kuwa ameogelea pale miaka 20 na zaidi, kila mwaka akizaa.

Kwa hiyo tuna mila mbili kwenye boti ile. Samaki wa kwanza wa siku hurudishwa, kwa Matua ni wa Tangaroa, mwenye bahari wa Wamaori. Mimi ni Mwislamu na nina imani yangu, lakini kurudisha cha kwanza sioni ubaya wake, nainama naye ubavuni tukamwachia. Na yeyote anayezidi sentimita 60 hurudi pia. Novemba iliyopita nilimpata wa 74. Nililowesha mikono kwanza, maana mikono mikavu humvua ule ute unaomkinga. Nikamshika tumbo kwa chini, sikumning'iniza kwa taya. Kwenye maji mafupi ana bahati, kwani hakupandishwa kutoka kina kirefu na kibofu chake cha hewa hakijavimba. Nikamweka ubavuni mwa boti, matamvua yakafunguka na kufunga mara kadhaa, nikaona madoa ya buluu yote yamewaka. Mkia ukapiga mara moja na maji yakaniruka usoni.

Wa sentimita 35 mpaka 45 ndio wa chungu. Kichwa sitoi kwa mtu. Wengi huku hukata minofu ubavuni na kutupa kichwa na mifupa, na nimeokota vichwa vizuri kwenye meza za kusafishia samaki pale bandarini, baada ya kuomba kwa heshima. Mke wangu hukipika kwa tui la kopo, ndimu na pilipili. Tui la kopo si tui, lakini ndilo lililopo.

Jambo moja linanisumbua nami silifichi: chambo hiki ni plastiki. Kila kilichokatwa na kuachwa kinabaki baharini. Vipande vilivyochanika naviweka mfukoni, situpi hata kimoja majini, na kuvua kwa uzito mwepesi kumenipunguzia sana vile vinavyonasa chini. Anayetaka kuanza, aanze na hilo.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani likizo na pakiti nne za vyambo kwenye begi. Mpwa wangu alinipeleka kwenye mlango wa mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Maji yalikuwa yanapwa, yanatoa uduvi na vidagaa kutoka kwenye mizizi, na kungu wanakaa pale mlangoni kuvisubiri, kama mtu anayesubiri abiria stendi. Nilidhani najua. Kungu si snapa: hadonoi, hakuhesabii. Wa kwanza alikipiga chambo kikiwa hakijazama hata pima moja na kabla sijapumua alikuwa ndani ya mizizi, uzi umekwisha. Hapa lile somo la breki legevu linageuka. Kwenye mikoko lazima ukaze, uzi uwe mnene, na umtoe mbali na mizizi katika hatua zake tatu za kwanza. Bunju nao walitukatia mikia ya vyambo kwa zamu. Siku mbili tulirudi na wawili wadogo, tukawaachia.

Siku ya tatu baba akasema anataka kuja. Macho yake yamepungua sana, kupanda ngalawa tulimshika huku na huku. Fimbo nilimpa akaipapasa, akanirudishia. Akatoa mshipi wake mfukoni, uleule umezungushwa kwenye kibao, akaniambia, "Nifungie hicho kidude chako." Nikafunga cha kahawia, kwenye ndoana ya gramu 10. Akakishusha kando ya ngalawa bila kukirusha, mshipi ukipita juu ya kidole cha shahada. Akakiinua kidogo kwa mkono, akakiacha. Akakiinua, akakiacha. Nikaanza kumweleza kuwa baba, wanashika kikishuka. Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, ngisi pia hushuka."

Tulikaa kimya. Mpwa wangu alikuwa na upondo mapajani, hakuthubutu kuusogeza. Maji yalikuwa pima mbili, yanatoka taratibu, mikoko ikitoa harufu yake ya matope. Nikaona kidole cha baba kimetulia, kisha mkono wote ukarudi nyuma hadi begani, na mshipi ukaanza kuimba ukingoni mwa ngalawa. Alikuwa kungu wa kilo na ushee, mwekundu wa shaba.

Kabla sijaondoka aliniomba nimwachie vile vya kahawia. Vya pinki alisema nirudi navyo.